Mwache Avae Leso ya Mama: Michezo ya Kuigiza na Afya ya Mtoto Wako

Asubuhi moja baba mmoja wa makamo kutoka mtaa wa Muyeye, hapa Malindi, aliingia chumbani mwangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka mitano. Aliketi, akakohoa, akautazama mlango kuhakikisha kwamba umefungwa. Nilidhani ameniletea ugonjwa wa aibu.

"Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu mtoto wangu wa kiume anavaa leso za mamake. Anajifunga moja kiunoni, anajitanda nyingine, anajitwika ndoo, kisha anazunguka ua mzima akiuza samaki wa kukaanga. Je, kuna dawa?"

Nikamwuliza mamake mtoto hufanya kazi gani.

"Huuza samaki wa kukaanga," akajibu.

Mpenzi msomaji, ningecheka kama si lile jambo la pili alilonieleza. Alikuwa amemchapa mtoto huyo mara tatu kwa sababu ya mchezo huo. Kweli mtoto aliacha leso. Lakini pia aliacha kucheza na wenzake, alianza kunyamaza mezani, na kila usiku alikojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha tabia hiyo tangu alipokuwa na miaka mitatu. Nilimpima mkojo na sukari, kwa maana kukojoa kitandani kunaweza kuletwa na maradhi. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Baba aliniletea mtoto mzima akitaka nimtibu mchezo. Mimi niliona mtoto aliyeumizwa kwa sababu ya mchezo.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Wazazi wengi wa mjini hununua dawa ya minyoo, vitamini na vitabu vya mazoezi, lakini hawajui kwamba leso kuukuu, kofia ya babu na sanduku tupu la maboksi ni vifaa vya afya vilivyomo nyumbani mwao tayari.

MCHEZO HUU NI UPI?

Ninazungumzia ule mchezo wa mtoto kuvaa nguo za mwingine na kujifanya yeye: mama, mwalimu, makanga wa matatu, askari, daktari, bibi harusi. Wengine huita mchezo wa baba na mama, wengine kalongolongo, na wengine kupikapika, kwa kuwa aghalabu kuna sufuria ya mchanga jikoni. Majina ni mengi lakini mchezo ni mmoja. Sisi sote tuliucheza, hata kama leo tumevaa tai na tunajifanya tumesahau.

Mchezo huu hufuata umri. Kati ya miezi 12 na 18 mtoto huanza kuweka kikombe kitupu mdomoni na kujifanya anakunywa. Afikapo miaka miwili humlisha mwanasesere wake na kumlaza. Kati ya miaka mitatu na minne huvaa na kuwa mtu mwingine kabisa, na ukimwita kwa jina lake hukasirika. Akifika miaka mitano au sita hupanga hadithi nzima na wenzake: nani atakuwa mgonjwa, nani dereva, na mgonjwa atapona lini.

Tusifikiri kwamba kuvalia na kuigiza ni mambo ya watoto peke yao. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, watu wazima wa pwani hii, kuanzia Lamu hadi Mombasa, walikuwa na vyama vya ngoma ya beni. Walivaa sare kama za wanajeshi na mabaharia wa Kizungu, wakapeana vyeo, wakaandamana kwa tarumbeta na kushindana. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975. Mkoloni alikuwa na nguvu za kutisha, na mtu aliyevaa koti kama lake kwa jioni moja alipata nafasi ya kuzifikiria nguvu hizo, kuzicheka na kuzizoea. Mtoto anayevaa viatu vya babake anafanya kazi hiyo hiyo.

FAIDA YAKE KIAFYA

Faida ya kwanza ni lugha. Mtoto anayejifanya muuza samaki analazimika kutafuta maneno ya muuza samaki: bei, chenji, nipunguzie, kesho njoo. Maneno hayo hayapati kwa kuambiwa "sema" na mwalimu. Anayapata kwa sababu anayahitaji papo hapo.

Ya pili ni kujizuia. Mtaalamu wa Kirusi, Lev Vygotsky, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba mtoto anapoigiza huwa kana kwamba ameongezeka kimo cha kichwa kizima juu ya umri wake. Mtoto asiyeweza kutulia dakika moja akiambiwa atulie, ataweza kusimama kimya muda mrefu zaidi akiambiwa yeye ni askari wa lindo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 180 wa miaka minne na sita. Watoto walipewa kazi ya kuchosha ya dakika 10, na kando yao pakawekwa mchezo wa kuvutia wa kwenye skrini ambao wangeweza kuukimbilia wakati wowote. Baadhi yao waliambiwa wajifanye mtu shupavu wanayempenda, mathalani Batman. Hao walioigiza ndio waliodumu na kazi kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Kwa hivyo mama unayepigana kila jioni na mtoto kuhusu kazi ya shule, jaribu kumvika kofia ya nahodha kwanza. Huenda nahodha akamaliza hesabu ambazo Juma alizikataa.

Ya tatu ni kuelewa wenzake. Anayevaa nguo za bibi na kutembea kwa mkongojo hujifunza kwa mgongo wake mwenyewe kwamba bibi anaumwa. Na mvulana anayejifunga leso na kubembeleza mwanasesere hajifunzi ugonjwa. Anajifunza malezi, na siku moja mkewe atashukuru.

DAKTARI ATAKUDUNGA SINDANO!

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa mimi mwenyewe. Kila wiki, katika foleni ya wagonjwa, namsikia mzazi akimwambia mtoto: "Nyamaza, la sivyo daktari atakudunga sindano!" Mzazi hana nia mbaya. Lakini kwa maneno hayo nimegeuzwa zimwi kabla sijamgusa mtoto.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana na hospitali imejaa, niliwaamuru wauguzi wawili wamshike kwa nguvu msichana wa miaka minne ili nimdunge. Dawa iliingia. Miezi kadhaa baadaye mtoto huyo alipatwa na homa, na kwa siku mbili alimficha mamake hali yake, akisema hana kitu, kwa kuogopa kuletwa kwangu. Alipofikishwa alikuwa ameanza degedege. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini katika eneo la malaria kama letu siku mbili ni siku nyingi, na siku zile nilizichangia mimi.

Siku hizi huwa na mwanasesere mezani. Mtoto humvika bandeji kwanza, humsikiliza kifua kwa kipimo changu, humwambia "pole, ni kidogo tu". Kisha zamu yake hufika. Analia bado, kwa sababu sindano inauma na si vizuri kumdanganya mtoto kwamba haiumi. Lakini hapigani, na kesho anakubali kurudi. Katika nchi kadhaa za Ulaya wanafunzi wa udaktari huendesha kile wanachokiita hospitali ya dubu. Watoto wadogo huleta dubu wao wa vitambaa "wagonjwa" watibiwe, na lengo ni kupunguza woga huo huo.

Wewe unaweza kuanzisha hospitali yako sebuleni leo jioni. Shati jeupe la baba litakuwa koti. Kipande cha leso kitakuwa bandeji. Cheza mchezo huu siku chache kabla ya chanjo au kung'olewa jino.

MCHEZO WA MAZISHI

Wazazi hushtuka sana wakiwakuta watoto wakicheza mazishi. Mmoja amefunikwa shuka, wengine wanalia, mwingine anahubiri au anasoma dua. Mama huvuta shuka na kuchapa wote: "Mnaleta mkosi!"

Tafadhali pumua kwanza. Mtoto hana maneno ya kuuliza yale sisi wenyewe hatuwezi kuyajibu, kwa hivyo huyacheza. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, watoto waliwavisha wanasesere wao barakoa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, si mbali na hapa Malindi, na mingi ilikuwa ya watoto. Je, tulidhani kwamba watoto wetu hawasikii redio? Waliona magari, waliona nyuso zetu. Mtoto aliyechimba shimo mchangani na kumlaza mwanasesere wakati ule hakuwa akileta mkosi. Alikuwa akijaribu kumeza kitu kikubwa kuliko koo lake.

Kaa karibu naye. Uliza, "Huyu alikuwa nani? Nani anamlilia?" Sikiliza. Mchezo kama huo kwa kawaida hubadilika siku baada ya siku na mwishowe huisha wenyewe. Ukiona haubadiliki, unarudiwa vile vile kwa wiki nyingi, na mtoto anatoka humo akiwa na hofu zaidi, halali au hali, hapo mlete kwa daktari.

Kuna jambo jingine ambalo ni vigumu kuandika lakini sina budi. Katika mchezo wa baba na mama ni kawaida watoto kulala kwenye mkeka mmoja wakijifanya usiku umeingia, na ni kawaida wadogo kuulizana kuhusu maumbile yao. Waelekeze kwa upole, bila kiboko, na uwaambie sehemu zipi za mwili ni za faragha. Lakini mtoto mdogo akiigiza tendo la ndoa kwa undani ambao umri wake haupaswi kuujua, au akimlazimisha mwenzake, usimpige. Jiulize ameliona wapi, au amefanyiwa na nani. Pwani yetu ina watu wanaowadhuru watoto, wageni na wenyeji. Mpeleke hospitalini, na piga nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya.

MTOTO ASIYEIGIZA

Upande wa pili kuna mtoto ambaye haigizi kabisa. Kama mtoto amefika miezi 18 hadi 24 na hajawahi kujifanya anakunywa chai kwenye kikombe kitupu, haonyeshi kitu kwa kidole, haitiki akiitwa jina, na hatazami uso wako unapozungumza naye, usingoje "atajirekebisha". Huenda ni tatizo la kusikia, kuchelewa kukua, au usonji. Dalili moja pekee haitoshi kuthibitisha, lakini zinatosha kukuleta kwa daktari.

Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi hapa pwani ya Kenya walichapisha maoni ya wazazi na wataalamu kuhusu chanzo cha usonji. Wapo waliotaja mapepo, uchawi na laana, na wapo waliotaja maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto hakurogwa, na mama hakulaaniwa. Kadiri msaada unavyoanza mapema ndivyo unavyofaa.

Kundi la pili la kuangaliwa ni watoto walionusurika malaria kali. Watafiti wa KEMRI mjini Kilifi, ambao kituo chao kilianza mwaka 1989, waliripoti mwaka 2005 kwamba takriban mmoja kati ya kila watoto wanne waliougua malaria ya ubongo hubaki na upungufu fulani, mathalani wa lugha au kumbukumbu. Watafiti wa huko huko, akiwemo Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachoitwa kwa jina la Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, ili watoto wetu wasipimwe kwa vitu ambavyo hawajapata kuviona. Iwapo mwanao alipata degedege za malaria na sasa mchezo wake umerudi nyuma, yaani alikuwa akipanga hadithi na sasa anagonga tu kikombe sakafuni, mwambie daktari. Mchezo ni kipimo usichokilipia.

MICHEZO MITANO YA NYUMBANI

Tafuta kwanza sanduku la mavazi. Tia leso mbili, kikoi, kanzu iliyofupishwa, buibui la zamani lililokatwa chini ili lisimwangushe, mashati ya baba, kofia, mkoba, na miwani iliyotolewa vioo. Hakuna cha kununua. Kisha chagueni.

1. Hodi hodi. Mmoja anatoka, anavaa, anarudi na kupiga hodi. Waliomo ndani wanamwuliza maswali hadi wamtambue ni nani: fundi cherehani, mvuvi, mwalimu mkuu. Kwa watoto wa miaka minne na kuendelea.

2. Matatu. Panga viti safu mbili. Makanga anavaa kofia na kukusanya nauli za karatasi, abiria wanavaa wapendavyo: mama mwenye mtoto, mzee mwenye kuku, mtalii aliyepotea. Mtoto anajifunza hesabu, zamu, na kumpisha mzee kiti.

3. Mekatilili na kuku. Msimulieni mtoto habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii. Husimuliwa kwamba alimthubutisha afisa wa Kiingereza amnyang'anye kuku kifaranga chake, na kuku akamdona. Mmoja ajifunge leso awe Mekatilili, mmoja awe afisa mwenye kofia, mmoja awe kuku, wadogo wote wawe vifaranga. Ni mchezo wa mbio, hivyo uchezwe nje.

4. Twiga wa Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China kwa meli, zawadi kwa mfalme wa huko. Wawili wajifunike shuka wawe twiga, wengine wawe mabaharia, na mmoja awe mfalme ambaye hajapata kumwona mnyama kama huyo. Mfalme lazima amweleze kwa maneno yake.

5. Kubadilishana. Huu ndio mgumu kuliko yote, na ni kwa wazazi wenye moyo. Kwa dakika 10 mtoto anavaa nguo zako na kuwa mzazi, nawe unakuwa mtoto. Mwulize chakula kiko wapi, kataa kuoga, lia. Utasikia sauti yako mwenyewe. Mama mmoja aliniambia alimsikia bintiye, amevaa viatu vyake virefu, akimkaripia: "Niache, nimechoka na nyinyi!" Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Mama huyo alisema hakulala vizuri usiku ule, na kwamba tangu siku hiyo anapotoka kazini hukaa dakika tano barazani kabla ya kuingia ndani.

TAHADHARI

Mimi ni daktari na sitawaacha bila kuwaonya. Mchezo huu una hatari zake, na nyingi nimezishona au kuzisafisha kwa mikono yangu.

Moto. Leso na buibui hushika moto upesi. Mavazi ya mchezo yasikaribie jiko la makaa, stovu wala mshumaa. Mtoto akiungua, mwondoe nguo zisizogandamana na ngozi, mmwagilie maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha mlete hospitalini. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta.

Shingo. Kamba, tai, mikufu mirefu na mitandio isifungwe shingoni. Mifuko ya plastiki isivaliwe kichwani kamwe.

Vitu vidogo. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, ondoa shanga, vifungo na sarafu. Mbaya kuliko vyote ni zile betri ndogo za mviringo za saa na vifaa vya kuchezea. Zikikwama kooni huweza kuchoma nyama ndani ya saa mbili. Usingoje zitoke chooni, kimbia hospitalini.

Dawa na mafuta ya taa. Vidonge halisi visitumiwe katika hospitali ya kuigiza, wala visiitwe peremende. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto anayeuza "soda" atainywa. Akinywa, usimtapishe, kwani mafuta yakiingia mapafuni ni balaa. Mlete mara moja. Bomba la sindano lililookotwa lisiguswe kabisa.

Piko na wanja. Watoto wa kike wakicheza harusi hutaka kupambwa kama bibi harusi. Hina ya majani haina neno kwa wengi. Lakini piko nyeusi ina dawa ya kutia nywele rangi, ambayo huweza kuchoma ngozi ya mtoto, kuacha malengelenge, na kumfanya aathirike kila anapoigusa maishani mwake. Mkatalie hata akilia. Wanja nao, hasa ule usiojulikana umetengenezwa wapi, huweza kuwa na madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Tena kijiti kimoja cha wanja kikipita macho matano hueneza maradhi. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Mombasa na sehemu nyingine za pwani, tuliona jinsi unavyokwenda kasi.

Chawa, choa na upele. Kofia na nguo za sanduku hupita kwa wengi. Zifueni kila wiki, zianikeni kwenye jua kali, na zipigeni pasi. Mtoto mwenye vidonda vya kichwani atumie kofia yake peke yake hadi apone.

WAKATI TUTAUPATA WAPI?

Najua mnachosema: "Daktari, narudi saa moja usiku, wapi nguvu za kuwa kuku?" Sikudai saa tatu. Robo saa mara mbili kwa wiki inatosha kwa kuanzia, na siku nyingine watoto wacheze wenyewe nanyi mkiwa karibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji kukaa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Katika nyumba nyingi ninazozijua, robo saa hiyo inaweza kukatwa kwenye simu bila mtu yeyote kuumia.

Na baba, usikae kando na gazeti ukisema hayo ni ya akina mama. Mtoto anayemwona babake amevaa kilemba cha taulo akijifanya sultani anampokea Vasco da Gama wa mwaka 1498 hatamdharau. Atamkumbuka.

Kumbukeni pia kwamba kucheza ni haki ya mtoto kisheria. Imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliukubali mwaka 1990. Mwenye kumchapa mtoto kwa kucheza anamnyang'anya kitu kilicho chake.

Nimalizie na yule baba wa Muyeye. Sikumwandikia dawa. Nilimpa kazi: kila jioni kwa wiki mbili awe mnunuzi wa samaki wa mwanawe. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilimwambia pia amwombe mtoto msamaha kwa kile kiboko, na hapo ndipo aliponyamaza kwa muda mrefu zaidi.

Alirudi baada ya mwezi, mtoto akiwa mbele, yeye nyuma. Siku za kwanza, alisema, mtoto alikataa kuigusa leso. Siku ya tano baba mwenyewe alijifunga leso, akajitwika ndoo, akazunguka ua akiita "Samaki! Samaki!" hadi majirani wakatoka nje kutazama. Mtoto alimfuata, akamrekebisha: "Si hivyo, baba. Mama hutaja bei kwanza."

Kitanda kilikuwa kimekauka usiku nane mfululizo. Bado si kupona kabisa, na nilimwambia hivyo. Lakini walipokuwa wakitoka, mtoto aligeuka mlangoni akaniuliza kama nitahitaji samaki, na nikamwuliza bei.